Maporomoko ya theluji: maswali ya watu wa Malindi wanaokwenda milima ya Italia

Malindi, Watamu na Mambrui hakukosi kila mwaka watu wa kwenda Italia. Kuna walioolewa na waliooa huko, kuna wanaofuata kazi za hoteli msimu wa baridi, kuna walioalikwa na marafiki waliojuana nao ufukweni. Kiitaliano wanacho tayari. Theluji ndiyo ngeni. Wiki ya pili au ya tatu mwenyeji anasema Jumapili twende mlimani, na mgeni anaitikia kwa sababu mgeni hapendi kukataa.

Majibu haya ni ya Jumapili hiyo. Hayahusu njia za skii za kulipia, ambazo kituo huzikagua asubuhi na kuzifunga penye hatari. Yanahusu kila kilicho nje ya njia hizo, pamoja na matembezi ya taratibu kwa vile viatu vipana ambavyo Waitaliano huviita ciaspole. Watu hufa kwenye matembezi hayo pia.

Poromoko la theluji ni nini hasa? Si ule mpira unaobingirika na kukua?

Mpira huo ni wa vibonzo. Poromoko huja kwa sura mbili kubwa.

Ya kwanza mtu wa Mambrui anaijua bila kufundishwa. Panda tuta la mchanga upande uliokingwa na upepo, kanyaga ukingo, na chembe zitaanza kuteremka kutoka pale ulipokanyaga, zikitanuka kama upepeo. Theluji laini isiyoshikana hufanya vivyo hivyo. Mara nyingi ni kidogo, ingawa inaweza kumsukuma mtu gengeni.

Ya pili ndiyo muuaji: bamba. Jaribu jikoni. Twaa sinia, tandaza sukari safu moja nyembamba, laza juu yake kitabu kipana, kisha inua upande mmoja wa sinia polepole. Kitabu hakitabomoka chembe kwa chembe. Kitatulia, kitatulia, halafu kitaondoka kizima. Kitabu hicho ni theluji iliyoshikana, sukari ni tabaka dhaifu lililofukiwa chini yake. Uzito wa mtu mmoja ukilivunja tabaka hilo mahali pamoja, ufa unakimbia chini kwa chini makumi ya mita kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mkatiko hauonekani miguuni pako. Unaonekana juu yako, na wewe uko katikati ya kitu kinachoondoka. Bamba kavu hufikia mwendo wa kilomita 80 kwa saa na zaidi ndani ya sekunde chache. Hakuna kukimbia.

Hiyo sukari inatoka wapi, ikiwa kinachoanguka ni theluji tu?

Inapikwa palepale chini. Ardhi chini ya theluji hukaa karibu na nyuzijoto sifuri, huku usiku mkavu usio na mawingu ukishusha uso wa theluji hadi -15 au -20. Theluji ikiwa nyembamba, tofauti hiyo yote inabanwa ndani ya sentimita chache. Tofauti ikizidi kama nyuzijoto 1 kwa kila sentimita 10, mvuke unapanda kati ya chembe na kuzigeuza ziwe na pande bapa, zisizoshikana. Zichote mkononi: zinamwagika kama sukari.

Kwa hiyo msimu wenye theluji haba si lazima uwe msimu salama. Hili huwashangaza hata Waitaliano wa mjini. Theluji nene hulala vizuri. Ile nyembamba ya Novemba na Desemba ndiyo inayotengeneza msingi mbovu, na msingi huo unaweza kusumbua mpaka Machi.

Tabaka jingine baya ni umande ulioganda juu ya theluji usiku mtulivu. Unameta kama vipande vya kioo na kila mtu anaupiga picha. Ukifukiwa na theluji mpya bila kuvunjwa kwanza na upepo au jua, usiusahau.

Nani huanzisha poromoko? Kelele?

Kelele haianzishi, sema upendavyo. Katika ajali za watembezi na wateleza skii, mara 9 hivi kati ya 10 bamba limeanzishwa na aliyefukiwa mwenyewe au na mtu wa kundi lake. Ni habari mbaya, lakini ina manufaa yake: ajali nyingi zinatokana na mahali watu walipochagua kupita.

Mteremko wa hatari unaujuaje?

Kwa kuupima. Mambo mengine yote ya theluji ni ya kukisia; pembe ya mteremko haikisiwi. Bamba huanza karibu daima penye nyuzi 30 na zaidi, na hasa kati ya 35 na 40. Chini ya 30 haliondoki kwa kawaida. Jicho la mtu aliyezoea nchi tambarare hudanganya pande zote mbili, kwa hiyo usiliamini.

Njia ya kwanza ni ramani, nyumbani, usiku wa kuamkia safari. Kwenye ramani ya 1:25,000 yenye mistari ya kimo kila mita 20, mistari iliyoachana milimita 1.4 maana yake ni nyuzi 30. Mistari ikiwa ya kila mita 25, umbali huo ni milimita 1.7. Iliyokaribiana zaidi ya hapo ni mikali zaidi. Ramani nyingi za simu siku hizi hupaka rangi mteremko kuanzia nyuzi 30. Washa rangi hizo kabla ya kuchagua njia.

Njia ya pili ni simu yenyewe: laza fimbo ya kutembelea juu ya theluji ikielekea chini, weka simu juu ya fimbo, fungua programu ya kupima pembe. Usiweke simu moja kwa moja juu ya theluji, kwani kibonde kidogo tu kitakupa jibu la uongo.

Njia ya tatu haihitaji betri. Chukua fimbo mbili zenye urefu sawa. Laza ya kwanza ikielekea chini moja kwa moja, ibonyeze iache alama. Ncha ya juu ibaki palepale, wewe inua mwisho wa chini. Kutoka mwisho huo ulioinuka, ning'iniza fimbo ya pili wima, kisha rekebisha mpaka ncha yake iguse theluji tu. Ikigusa pale alama ya kwanza ilipoishia, umepata pembetatu yenye pande sawa: mteremko ni nyuzi 30. Ikigusa chini zaidi ya alama, ongeza kama nyuzi 3 kwa kila sentimita 10. Ikigusa juu ya alama, hujafika 30. Fanya mara tatu nne pahali salama na mkono utazoea.

Kinachosahaulika ni kwamba pembe ya pale uliposimama haitoshi. Ukitembea njia tambarare chini ya mteremko wa nyuzi 38, uko kwenye njia ya poromoko. Tena tabaka likiwa baya sana, kishindo chako huku chini kinaweza kuvunja bamba lililo juu. Kila unapouliza ni mkali kiasi gani hapa, uliza pia kuna nini juu yangu.

Taarifa ya hatari yenye nambari 1 hadi 5 inasomwaje?

Nambari hizo ni za Ulaya nzima tangu 1993. Kwa Kiitaliano ni debole, moderato, marcato, forte na molto forte. Rangi zake ni kijani, njano, chungwa, nyekundu, na nyekundu iliyochanganywa na nyeusi. Mikoa ya Alps ya Italia hutoa taarifa zake chini ya mwavuli wa AINEVA, chama chao cha mambo ya theluji na maporomoko. Trentino na Alto Adige wanatoa yao pamoja na Tirol ya Austria tangu 2018, kila siku saa kumi na moja jioni, kwa ajili ya kesho yake. Ukiona “ore 17” ni saa kumi na moja hiyo hiyo. Kwa milima ya Apennini iko Meteomont, huduma ya taarifa za theluji ya Carabinieri (polisi wa Italia) na jeshi. Na asikwambie mtu Apennini ni vilima tu: Januari 2017 poromoko liliangukia hoteli ya Rigopiano, mkoa wa Abruzzo, likaua watu 29.

Kosa la kwanza la msomaji mpya ni kudhani 3 ni katikati, yaani wastani, yaani si mbaya. Ngazi hizi hazipandi sawasawa. Kila moja ni kuruka. Katika 3 mtu mmoja peke yake anaweza kuanzisha bamba kwenye miteremko mikali mingi, na vifo vingi zaidi hutokea siku za 3. Siku za 4 wengi hubaki nyumbani wenyewe. Siku za 3 jua linawaka, theluji mpya inapendeza, na watu wanatoka.

Kosa la pili ni kusoma nambari na kufunga simu. Chini yake kuna mambo matatu yenye thamani kubwa kuliko nambari: kimo (kwa mfano juu ya mita 2,200), upande ambao mteremko unatazama, na aina ya tatizo. Upande unaonyeshwa kwa duara la dira lililopakwa rangi. Kuujua upande wa mteremko, upe mlima mgongo: unakotazama wewe ndiko unakotazama mteremko. Programu ya simu unayoitumia kutafuta kibla ina dira. Itumie hiyo hiyo, ila kumbuka kibla ya huko ni kusini-mashariki, si kaskazini kama kwetu.

Mswisi Werner Munter, mtaalamu wa maporomoko, aliunganisha nambari na pembe kwa kanuni ambayo hata anayeanza anaweza kuibeba kichwani. Siku ya 2, kaa chini ya nyuzi 40 na utazame eneo la karibu na njia yako. Siku ya 3, chini ya 35, ukihesabu mteremko wote. Siku ya 4, chini ya 30, pamoja na miteremko iliyo juu yako. Siku ya 5 usitoke. Kwa mgeni wa msimu wa kwanza sisi tunakata zaidi: chini ya 30 siku zote, hata ya 1.

“Tatizo la siku” maana yake nini?

Taarifa hutaja moja au zaidi kati ya haya matano, na kila moja linataka tabia yake.

Theluji mpya: uzito mwingi umeongezwa kwa haraka. Hali ikiwa mbaya (upepo mkali, baridi kali, theluji imeangukia uso wa barafu au umande ulioganda) sentimita 10 hadi 20 zinatosha kuleta hatari. Hali ikiwa nzuri huhitaji 30 hadi 60. Siku ya kwanza yenye jua baada ya theluji kuanguka ndiyo ya kuogopwa.

Theluji ya upepo: tazama swali linalofuata.

Tabaka dhaifu la kudumu: ndiyo ile sukari. Hili huwezi kuliona kwa macho, linaweza kukaa wiki kadhaa, na linawashinda hata wazoefu. Dawa yake ni moja: miteremko ya upole, kwa umbali mkubwa kutoka ile mikali.

Theluji iliyolowa: jua, mvua au joto limefika ndani. Hapa kinachotawala ni saa. Miteremko ya mashariki hulainika asubuhi, ya kusini adhuhuri, ya magharibi alasiri. Wakati wa Aprili watu hutoka na taa kichwani kabla ya jua kuchomoza ili saa tano au saa sita wawe wameshashuka. Mguu ukianza kuzama mpaka juu ya kifundo kwenye theluji iliyokuwa ngumu alfajiri, umechelewa.

Theluji inayoteleza: tabaka lote linateleza juu ya nyasi au mwamba laini. Huonekana kwa nyufa pana zinazoachama kama mdomo. Wengine watakwambia ufa huo umepunguza nguvu. Hakuna ajuaye lini litaondoka. Usipite chini yake, wala usile chakula chako hapo.

Kwa nini upepo unatajwa sana kuliko theluji yenyewe?

Kwa sababu unaweza kutengeneza bamba bila hata chembe moja kuanguka kutoka mbinguni. Upepo wa kilomita 15 hadi 20 kwa saa unatosha kuanza kuhamisha theluji laini. Kazi yake ni ile ile inayofanywa na kusi kwenye matuta ya Mambrui na Shela: inakomba upande inakotokea, inavuka mgongo, inamwaga upande wa pili. Tofauti ni kwamba mchanga uliomwagwa unabaki mchanga; theluji iliyopigwa na upepo inavunjika vipande vidogo vinavyobanana na kuwa bamba. Upande uliokombwa unaweza kuwa na sentimita 5, na hatua 30 ng'ambo ya mgongo mna mita 1.

Dalili zake zinasomeka. Uso wa theluji una mikunjo kama mchanga maji yakiwa yamekupwa. Miti na mawe yana ndevu za theluji upande mmoja. Ndevu hizo huelekea upepo ulikotoka, basi bamba litafute upande wa pili. Juu ya mgongo kuna ukingo wa theluji unaoning'inia hewani. Usiukaribie kutazama chini. Hukatika nyuma zaidi ya pale unapodhania mwamba unaishia, na watu hupotea nao. Ukikanyaga theluji ikatoa sauti kavu kama ngoma, au ikakatika vipande vyenye kona, umo ndani ya bamba la upepo. Rudi kwa nyayo zako.

Ni dalili gani zinazotosha kugeuza safari bila mjadala?

Maporomoko mapya kwenye miteremko inayofanana na wako. Ufa unaokimbia kutoka kwenye mguu wako. Na ile sauti: vuum, nzito, ya chini kwa chini, pamoja na hisia kwamba ardhi imeshuka kidogo. Ni tabaka dhaifu lililovunjika chini yako mahali pa tambarare. Ungekuwa mteremkoni ungekuwa umekwenda. Moja tu kati ya hizi inatosha. Usingojee ya pili. Kutoziona, kwa upande wa pili, hakukupi ruhusa.

Nimeona watu wanachimba shimo na kupiga beleshi. Linafaa nini?

Linafaa kwa aliyefundishwa, na hata yeye hulitumia kutafuta sababu ya kurudi, si sababu ya kuendelea. Jaribio linalotumika sana liko hivi: unachimba ukuta wa theluji, unakata nguzo yenye upana wa sentimita 90 kukatisha mteremko na kina cha 30 kuelekea juu, nyuma unaikata kwa kamba au msumeno ili isimame peke yake. Unalaza beleshi upande mmoja wa juu ya nguzo, kisha unapiga: mara 10 kwa mkono kutoka kifundo, mara 10 kutoka kiwiko, mara 10 kutoka begani. Ufa ukivuka nguzo yote kwa pigo lile lile au linalofuata, tabaka linapitisha mpasuko, na hilo ndilo linalohitajika ili poromoko litokee. Ufa ukiishia chini ya beleshi tu, jibu ni zuri kidogo.

Kwa nini kidogo? Kwa sababu umepima sentimita 90 za mlima. Mita 20 kutoka hapo theluji inaweza kuwa nyingine kabisa.

Mbona kuna nyayo nyingi, na shemeji yangu anapita hapo tangu utotoni?

Nyayo zinasema mtu alipita; hazisemi alipita siku gani, joto likiwa kiasi gani, wala kwamba alilikosa tabaka dhaifu kwa hatua mbili. Bamba limeshaanzishwa mara nyingi na mtu wa tano au wa kumi kupita, yule aliyekanyaga penye theluji nyembamba karibu na jiwe, ambapo uzito wake ulifika chini. Ndiyo maana pembezoni mwa mawe na miamba iliyochomoza si kimbilio.

Kuhusu shemeji: mazoea ya mahali ni mtego unaojulikana vizuri na wachunguzi wa ajali, pamoja na aibu ya kuonekana mwoga na hamu ya kufika kileleni kwa sababu tumeshatoka mbali. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee. Huna haja ya kubishana naye. Uliza maswali matatu kwa adabu, usiku, mezani: taarifa ya kesho inasema ngapi na upande gani? Mteremko mkali kuliko yote katika njia yetu ni nyuzi ngapi? Tukigeuza, tutageukia wapi? Mwenyeji anayejua kazi hujibu kwa dakika mbili. Asiyejibu, mwambie utamngojea kwenye mkahawa wa chini. Chokoleti ya moto ya huko ni nzito kama uji na si adhabu.

Vifaa gani ni vya lazima, na sheria inasemaje?

Vitatu, kwa kila mtu, si kwa kundi. Kwanza ARTVA, mtambo wa redio wa kilohezi 457 unaotuma ishara na kuitafuta. Pili sonda, ufito wa kukunja wa kuchomea theluji, urefu usipungue sentimita 240. Tatu beleshi la chuma. La plastiki hupasuka kwenye theluji iliyogandamana. Sheria ya Italia namba 40 ya 2021, iliyoanza kutumika 1 Januari 2022, inawataka wanaotembea hata kwa ciaspole wabebe vyote vitatu penye hatari ya maporomoko. Kimoja kikikosekana, viwili havisaidii: kwa ARTVA pekee utajua mtu yuko wapi na utashindwa kumtoa.

ARTVA huvaliwa mwilini chini ya koti, haiwekwi kwenye mkoba, maana mkoba hung'oka. Iwashwe kabla ya kuondoka penye gari, na mmoja wenu asimame apime ya kila mtu mnapopita. Simu ikae angalau sentimita 20 mbali nayo ikiwa inatuma, na 50 ikiwa inatafuta. Vivyo hivyo saa za kisasa na glavu zenye betri. Vipo pia mikoba yenye mfuko wa hewa wa kufutuka, husaidia mtu abaki juu ya theluji, lakini haimkingi na mti wala genge. Kukodi vifaa kunawezekana kwenye maduka mengi ya vijiji vya milimani.

Na mwendo una adabu yake: penye nyuzi 30 na zaidi, mwachane mita 10 mkipanda, mkishuka, mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama.

Mwenzetu amefukiwa. Tufanye nini?

Hesabu ni ya dakika. Anayetolewa ndani ya dakika 10 ana nafasi ya kupona kama 9 kati ya 10. Ikipita nusu saa, inabaki karibu 3 kati ya 10. Helikopta haiji kwa dakika 10. Waokoaji ni nyinyi.

Kumbuka pale alipoonekana mara ya mwisho. Tazameni kama kuna poromoko jingine linaloweza kuja. Mmoja apige 112 ikiwa simu inashika, wengine wasimngojee. Wote wageuze ARTVA zao zitafute. Mmoja akisahau, mtakuwa mnamtafuta yeye.

Teremkeni kuanzia pale alipoonekana mkiangalia pia kwa macho: glavu, fimbo, mkono. Ikiwa ni mtafutaji mmoja, pita kwa vichochoro visivyoachana zaidi ya mita 40. Mtambo ukishika ishara, fuata mshale na nambari inayopungua. Kuanzia mita 3 hivi, piga magoti, mtambo ukaribie kugusa theluji, usiuzungushe, tembea taratibu kama unayetafuta sindano. Pata nambari ndogo kabisa kwa msalaba: mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto.

Hapo choma sonda, wima dhidi ya uso wa theluji, ukizunguka kama konokono, kila choma sentimita 25 kutoka lililopita. Mwili hurudisha ufito kwa ulaini, mwamba hugonga. Ukimpata, usiichomoe sonda.

Sasa kuchimba, na hapa ndipo muda mwingi huliwa. Theluji ya poromoko ikisimama hugandamana kama zege, na mita 1 ya ujazo huwa na kilo 300 hadi 500. Usichimbe kisima juu yake. Rudi upande wa chini wa mteremko, umbali kama mara moja na nusu ya kina alichomo, mchimbe kuingia ubavuni, mmoja akikata mbele na wengine wakisukuma theluji nyuma yake kama makasia, mkibadilishana kila dakika moja au mbili kabla ya kuchoka. Kichwa na kifua kwanza. Safisha kinywa na pua. Hapumui? Mpulizie pumzi 5 kwanza, ndipo kubonyeza kifua, kwa sababu alichokosa ni hewa. Kisha mkingeni na baridi, na msimkunjekunje.

Na nikichukuliwa mimi?

Piga kelele waone unapokwenda. Jaribu kutoka pembeni sekunde za mwanzo, kabla mwendo haujakolea. Achia fimbo. Pigania kubaki juu. Unapohisi mwendo unapungua, mikono mbele ya uso utengeneze nafasi ya hewa. Ikishasimama hutaweza hata kukunja kidole.

Msituni si salama?

Msitu mnene kiasi kwamba huwezi kuteleza kwa skii kati ya miti husaidia. Miti iliyoachana haizuii kitu, na poromoko likikukuta hapo utagongwa nayo. Ukiona mstari mtupu katikati ya msitu, au miti iliyokatika matawi upande mmoja tu wa juu, hiyo ni njia ya maporomoko ya zamani na yatapita tena. Makorongo na mashimo ya vijito ni mabaya zaidi, kwani hata poromoko dogo humwaga theluji nene humo.

Mlima Kenya na Kilimanjaro je?

Theluji huanguka, lakini kwenye njia za kawaida za watembezi huwa haba na haikai. Huko kinachowasumbua watu ni ugonjwa wa kimo na baridi, na sehemu nyingine mawe yanayoporomoka: Januari 2006 mawe yaliwaua wapandaji 3 kwenye Western Breach ya Kilimanjaro. Uzoefu wa Point Lenana, kilele cha watembezi cha Mlima Kenya, ni mzuri kwa mapafu na miguu. Kuhusu bamba haukufundishi lolote.

Nikipiga 112 niseme nini, na helikopta ikija?

Sema neno valanga, yaani poromoko la theluji, kwanza kabisa. Kisha mahali (jina la bonde, kimo, au nambari za mahali kutoka kwenye simu), watu wangapi walikuwamo, wangapi bado hawajaonekana, kama wana ARTVA, saa ngapi ilitokea, na hali ya hewa hapo: mnaona mbali au kuna ukungu, upepo, nyaya za umeme au za lifti karibu. Usikate wewe, ngoja waseme.

Rubani anasoma mikono. Yote miwili juu, kama herufi Y, ni ndiyo, tunahitaji msaada. Mmoja juu na mmoja chini ni hapana. Mtu mmoja tu atoe ishara, upepo ukimpiga mgongoni, na asisogee pale alipo kwa sababu rubani anampimia yeye. Wengine wachuchumae, wafunge kila kinachoweza kupeperuka: kofia, shuka za dhahabu za kukinga baridi, mikoba mitupu. Asikaribie mtu mpaka waokoaji waite, na mkienda mwende kutoka mbele mnakoonekana, mkiwa mmeinama, kamwe si kutoka upande wa mlima ulio juu, ambako panga linakaribia theluji.